Naze Alipofunga Mlango

Nilipofika Ramat Luz, kijiji cha vijana wa bweni huku Israeli, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetumwa kujitolea mwaka mmoja kama mlezi wa vijana, na Naze Amedi alikuwa tayari matroni wa bweni la wasichana. Mwaka wangu ulipokwisha nikaolewa na mwalimu wa hesabu wa hapo hapo, nikabaki. Nyumba yetu inatazamana na aliyokuwa akikaa Naze, kuna njia ya changarawe tu katikati. Kwa hiyo haya sikuyasikia kwa watu. Mengi niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona alinisimulia tukikunja mashuka, maana kukunja mashuka ya wasichana wote wale kulihitaji watu wawili na maneno mengi.

Alikuwa mfupi, mpana, na kitambaa chake cha kichwani hakikosi maua. Sauti yake ilivuka uwanja wa mpira. Wasichana wapya walimwogopa juma la kwanza, juma la pili wakawa wanamfuata kama vifaranga.

"We Sigal! Hicho kitanda umekitandika au umegombana nacho?"

"Nimetandika, Mama Naze."

"Basi kimekushinda. Rudi mkapatane."

Alizaliwa Zakho, kule Kurdistani ya Iraki, akaletwa nchini akiwa mtoto mwaka ule Wayahudi wa huko walipohama wote, yeye na baba, mama, bibi na mbuzi waliyelazimishwa kumwacha uwanja wa ndege. Walikaa kwenye mahema, matope yakiingia mpaka kitandani. Shule alisoma kidogo. Alifua nguo za watu, akaolewa na Murdakh, kijana wa kwao, na Murdakh alipopata kazi ya zizi la ng'ombe hapa kijijini kwetu wakahamia wote wawili.

Watoto alizaa wawili, na wote wawili walitoka wamekwisha kufa. Zamani hizo mama wa mtoto ambaye hakupumua hakuonyeshwa kaburi. Watu wa mazishi walimchukua mtoto, wakamzika wanakokujua wao, na mama akaambiwa arudi nyumbani azae mwingine. Naze alinieleza hayo mara moja tu.

"Wa pili alikuwa msichana," alisema. "Nilimwona nywele. Nyingi, Tirza, nyeusi, zimelowa. Haya, shika pembe hiyo, unaiburuza chini."

Nikaiinua pembe, tukaendelea kukunja.

Majira ya baridi ya mwaka themanini na tano basi likaleta watoto wa Kiyahudi kutoka Ethiopia. Walikuwa wametembea miezi kutoka vijiji vya Gondar hadi Sudani, wakakaa kambini wakizika ndugu zao, ndipo wakapakiwa ndege za siri na kuletwa. Wengi hawakuwa na wazazi. Wazazi walikuwa wamekufa njiani au wamebaki nyuma. Serikali ikawagawa kwenye vijiji vya vijana kama chetu, wasome, wale, wakue.

Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka kumi na moja, mwembamba kama ufito, jina lake Enatnesh. Alikuja na mjomba wake Takele, ambaye alipelekwa kwingine kujifunza ufundi. Mama yake, Degitu, alikuwa ameanza safari pamoja nao, lakini mtoto mchanga akashikwa na homa, mama akarudi naye. Alimwambia Enatnesh atangulie na mjomba, yeye atawafuata mvua zikipita. Mvua zikapita mara sita.

Mwalimu aliyekuwa akiandikisha majina alisikia Enatnesh, akaandika Einat.

"Yanakaribiana," alisema. "Na hili ni la hapa hapa, halitamsumbua."

Kwa Kiamhari, lugha yao, Enatnesh maana yake ni wewe ndiwe mama. Alipewa jina hilo kwa sababu bibi yake alikufa mwezi uleule aliozaliwa. Lakini hilo tulikuja kulijua baadaye sana.

Einat hakulala kitandani. Kila asubuhi Naze alimkuta chini ya kitanda, kajikunja, viatu mikononi. Na hakula. Tulimwekea sahani yake peke yake, mbele yake, kama tulivyowawekea wengine, naye akaitazama tu mpaka chakula kikapoa. Daktari akaja, mshauri akaja, wakasema ni huzuni, tumpe muda.

Naze aliwasikiliza, akaenda kwake, akarudi na sufuria ya kube, yale madonge ya ngano yenye nyama ndani, kwenye mchuzi mchachu wa kwao. Akaketi sakafuni karibu na kitanda. Akamega mkate, akachovya, akaula yeye. Akamega tena, akachovya, akaunyoosha mkono mpaka mdomoni kwa mtoto. Einat akafungua kinywa. Wakala hivyo hivyo kwenye sufuria moja mpaka ikabaki tupu.

"Mlimwekea sahani peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza," Naze alituambia nje. "Nani anakula peke yake? Hata kwetu Zakho ni paka tu."

Tangu siku hiyo mtoto akawa wake.

Kijijini kwetu wanafunzi walikwenda makwao kila Sabato ya pili. Ijumaa mchana mabasi yalijaa, kelele, mabegi, halafu kimya. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda, na hao walipangiwa familia za wafanyakazi. Wengine walihamahama. Einat hakuhama. Kila Ijumaa ya ruhusa alivuka njia ya changarawe na begi lake, akaingia kwa Naze bila kubisha hodi, na mimi dirishani kwangu nikasikia wanavyobishana juu ya chumvi.

Murdakh alikuwa mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Ng'ombe zizini aliwapa majina ya shemeji zake.

"Leo Hazale amenipiga teke," atasema akivua viatu.

"Hazale yupi?" Naze atauliza kwa ukali. "Dada yangu au ng'ombe?"

"Yule mwenye adabu. Ng'ombe."

Einat akicheka mpaka anashika meza. Alianza kujua Kiebrania, na kabla hakijakaa sawa akawa amejua na Kiaramu cha Zakho, wanachozungumza wazee wa kina Naze. Alijua kukanda unga wa kube hadi ukawa laini. Sinagogini aliketi upande wa wanawake, kichwa begani kwa Naze. Siku moja mama mmoja wa kijiji jirani akawageukia, akasema kwa ulimi wa kuchokoza, "Mnafanana kweli nyie wawili."

"Si ndiyo?" Naze akajibu. "Kachukua miguu yangu. Uzuri kauchukua kwa baba yake, muulize Murdakh."

Akiwa na miaka kumi na sita Einat akawa kiongozi katika chama cha vijana, kile cha mashati ya bluu, ambacho tawi lake lilichangia ukumbi na kijiji chetu. Walimpa kundi la watoto wa darasa la nne. Kila Sabato alasiri aliwakusanya chini ya mikaratusi, akawachezesha, akawasimulia, akawaamulia ugomvi. Ukifika mwezi wa kupaka rangi kuta na kutayarisha sherehe, alikuwa habanduki ukumbini. Kwenye sherehe yenyewe, Sabato ilipotoka na nyota zikaonekana, walisimamisha maandishi ya moto kama desturi ya vyama vyetu: waya uliokunjwa kuwa herufi, ukaviringishiwa magunia yaliyoloweshwa dizeli. Einat ndiye aliyewasha. Herufi zikashika moja baada ya nyingine, jina la kundi lake likawaka uwanja mzima. Watoto wake wakamrukia. Naze, aliyekuwa kasimama nami huku nyuma, alikuwa akilia bila kujifuta.

"Moshi," aliniambia.

Nami nikakubali kuwa ni moshi.

Kwa muda wote huo Kiamhari cha Einat kilikuwa kikipungua, wala hakuna aliyeshtuka. Wenzake wa bwenini walikizungumza wao kwa wao, lakini yeye saa zake za kupumzika alikuwa kwa Naze au na chama. Takele alipomtembelea alimsemesha kwa Kiamhari, naye akamjibu kwa Kiebrania. Barua kutoka Ethiopia zilikuwa hazifiki. Alipoulizwa kuhusu mama yake alisema, "Yupo kule," kama mtu anayetaja mji.

Ndipo mwaka tisini na moja, mwezi wa tano, zikaja zile ndege zilizoleta watu maelfu kutoka Ethiopia kwa siku moja na nusu. Tulikaa redioni. Jumatatu yake Takele akapiga simu ofisini: Degitu yupo, na yule mtoto aliyekuwa na homa yupo, wamewekwa hotelini Yerusalemu.

Naze alipika usiku kucha. Asubuhi tukapanda gari la kijiji, yeye na sufuria mapajani, Einat na shati lake la bluu, mimi na dereva. Njia nzima Einat alitazama dirishani. Naze alizungumza bila kituo, atamkuta mama amechoka, atamkuta amekonda, asiogope, mtu akikonda hunenepeshwa.

Ukumbi wa hoteli ulijaa watu wa mashuka meupe, wameketi kwenye mazulia kana kwamba viti havikuwapo. Takele alitupokea mlangoni. Mwanamke mmoja mrefu alikuwa akipita katikati ya watu akimtazama kila msichana aliyejitanda nguo nyeupe. Akatufikia, akamtazama Einat na shati lake na suruali yake, akampita.

Takele akamwita. Akageuka.

"Enatnesh?"

Akambusu bega, akambusu shavu, upande huu na huu na huu tena, akamshika vidole kimoja kimoja. Alisema maneno mengi, taratibu, machozi yakishuka bila sauti. Alipomaliza akangoja.

Einat akamgeukia mjomba wake. "Anasema nini?" akauliza kwa Kiebrania.

Degitu hakujua Kiebrania hata neno, lakini swali hilo alilielewa. Nilimwona alivyolielewa. Mikono yake ilibaki imeshika ya binti yake.

Takele akatafsiri. Halafu akamwonyesha Naze, akaeleza yeye ni nani. Degitu akainama kumbusu magoti. Naze akaona aibu, akateremka naye, sufuria ikawekwa hukohuko chini, wakawa wote wawili wamepiga magoti kwenye zulia la hoteli.

"Inuka, dada yangu. Inuka, utaniliza mbele za watu."

Degitu akauliza kitu.

"Anauliza alikuwa anakula nini," Takele akasema.

Naze akamtajia. Kube, wali, mayai, maziwa ya Murdakh, kuku wa Sabato, machungwa. Alitaja polepole kila kitu, kama shahidi mahakamani, na Degitu akaitikia kwa kichwa kila kimoja kilipotafsiriwa.

Baada ya miezi wakapewa nyumba ya bati katika kambi ya wahamiaji karibu na Akko. Einat alikuwa mwaka wa mwisho wa shule. Sabato ya kwanza ya ruhusa alikwenda. Jumapili akarudi amekunja uso.

"Vipi mama?" nilimuuliza.

"Mzima."

"Na wewe?"

"Tirza, nilikaa kama mgeni. Wananitazama ninavyokula. Mdogo wangu ananicheka nikitamka maneno. Mama ananisuka nywele, halafu anaanza kulia, simwelewi, na mimi nakaa tu kama mti. Kila mtu ananiita Enatnesh. Naitikia kwa kuchelewa."

Sabato iliyofuata ya ruhusa hakwenda. Alisema ana shughuli za chama. Akavuka njia ya changarawe na begi lake, akaingia kwa Naze. Na iliyofuata vilevile.

Alhamisi moja Degitu akaja mwenyewe. Alikuwa amebadilisha mabasi matatu, akiwaonyesha madereva karatasi aliyoandikiwa jina la kijiji. Mkononi alikuwa na mkate wao mkubwa wa mviringo, wanaouita dabo, umefungwa kitambaa safi. Kauoka kwa ajili ya Sabato ya binti yake. Nilimpeleka kwa Naze, maana Einat alikuwa huko jikoni akimenya viazi.

Einat alisimama, akambusu mama yake, akarudi kukaa. Naze akaleta chai. Degitu akazungumza, akionyesha mlango, akionyesha mbali, akimgusa binti yake mkono. Hata mimi nilielewa: njoo nyumbani.

"Mama Naze," Einat akasema bila kuinua macho kutoka kwenye viazi, "mwambie nina watoto wa kundi langu Sabato hii. Siwezi."

"Mwambie wewe."

"Sijui kusema hivyo."

"Yule ni nani wako, mpaka nimwambie mimi?"

Einat akaendelea kumenya. Degitu alimtazama Naze, kisha akamtazama binti yake, kisha akautazama ule mkono wa binti yake uliokuwa umekwenda wenyewe, bila kufikiri, ukachukua chumvi kwenye rafu nyuma ya mtungi, mahali ambapo mgeni asingejua. Akanywa chai yake yote. Akauweka mkate mezani. Akaondoka kuwahi basi, na Naze akamsindikiza hadi kituoni. Sijui walifanyaje huko, maana hawakuwa na lugha hata moja kati yao.

Naze alirudi amebadilika. Alikuja kwangu kabla hajaingia kwake.

"Umemwona yule mama?"

"Nimemwona."

"Mimi wangu walizikwa nisikokujua, Tirza. Yule wake yuko hai, anamwona, na bado hana. Ni mimi niliyemkalia binti yake."

"Wewe ulimlea."

"Nilimlea. Sasa nimemkalia."

Wiki mbili baadaye ilikuwa Ijumaa ya ruhusa. Mchana mabasi yakajaa yakaondoka. Likabaki la mwisho tu, la saa tisa na nusu, kwa sababu baada ya hapo Sabato inaingia na mabasi yanasimama mpaka kesho jioni. Nilikuwa nafagia kizingiti changu. Einat akaja na begi, akasukuma mlango wa Naze kama kawaida. Ulikuwa umefungwa.

Akacheka. "Mama Naze! Mmejifungia?"

Akausukuma tena.

"Mama Naze, ni mimi!"

"Najua ni wewe," sauti ikatoka ndani, karibu sana, kama vile alikuwa ameegemea mlango. "Basi la Akko lipo bado. Nenda kwa mama yako."

"Acha utani. Begi zito."

"Sitanii."

Einat akaweka begi chini. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nenda kwa mama yako."

"Wewe ndiye mama yangu."

Nilishika ufagio wangu nikasimama. Nikamsikia Murdakh ndani, akisema kwa Kiaramu, fungua, mwanamke, fungua, Mungu anakuona.

"Mimi ni matroni wa bweni," Naze akasema. "Nalipwa mshahara kukutazama. Nimekutazama mpaka mama yako amefika. Kazi imekwisha. Kama huna pa kula Sabato, mama yako ameoka mkate."

Einat hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi, akalikumbatia begi lake, akautazama mlango. Nilitaka kwenda kumshika, lakini Naze alikuwa amenionya tangu asubuhi: "Ukimfungulia wewe, nitahama hapa." Honi ya basi ikalia kule barabarani. Msichana akainuka. Akanitazama, nami nikamtazama. Akaenda.

Naze hakufungua mlango hadi Sabato ilipotoka. Mishumaa ya Sabato aliwasha, kwa sababu ni lazima kuwasha. Murdakh aliniambia kuwa chakula hakikuguswa.

Tangu hapo Einat alikwenda Akko kila ruhusa. Bwenini alimsalimu Naze vizuri, "Shalom, Naze," bila ile Mama. Nyumbani kwa Naze hakukanyaga tena. Alimaliza shule, akaenda jeshini, akaondoka kijijini kwetu akituaga sote kwenye mstari, mkono kwa mkono, na Naze mkono kwa mkono kama wengine.

Nilimwambia Naze niende nikamweleze.

"Ukimweleza atarudi kwangu," alisema. "Akirudi kwangu, yule mama amekufa. Ngoja aolewe. Ngoja azoee."

Wasichana wengine walikuja, wa Urusi, wa Argentina, kundi baada ya kundi, naye aliwafokea na kuwapikia na kukaa nao wakiugua. Lakini hakumchukua tena yeyote nyumbani kwake kwa Sabato. Alikaa nao bwenini, wakilala ndipo akarudi kwake.

Kadi ya harusi ilikuja ofisini, imeandikiwa wafanyakazi wote wa Ramat Luz. Tukaenda. Meza yetu ilikuwa karibu na mlango wa jiko. Naze alivaa gauni la kijani na dhahabu zake za Zakho zote. Einat akaingia, mikono imepakwa hina, Degitu kamshika upande mmoja. Walipokaribia chandarua cha harusi, kile wanachofungishiwa ndoa chini yake, Degitu alimnong'oneza kitu, na Einat akamjibu kwa Kiamhari, haraka, bila kutafuta maneno, na mama na mwana wakacheka kicheko kimoja. Naze akanyanyuka, akatoka nje. Murdakh akamfuata, nami nikawafuata.

"Umeona?" Naze alisema. Alikuwa ameshika nguzo ya taa. "Umesikia anavyosema?"

"Nimesikia," Murdakh akamjibu. "Sasa umefurahi?"

"Nimefurahi. Nipeleke nyumbani."

Mwaka mmoja baada ya harusi nilikutana na Einat sokoni Afula, mtoto mgongoni kwa kitambaa, kama mama zake wanavyobeba. Nikaona sasa naweza. Nikamweleza yote pale pale, kati ya nyanya na matango: kwa nini mlango, kwa nini yale maneno ya mshahara.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, Tirza," alisema. "Nilijua siku ileile, basi halijafika Afula. Mimi si mjinga. Angeketi nami sakafuni akaniambia, nenda, mwanangu, nami ningeenda, nalia lakini ningeenda. Alinifungia mlango. Nilishaachwa mara moja njiani na mama anayenipenda, kwa sababu nzuri. Yeye akawa wa pili, kwa sababu nzuri. Sina nafasi ya sababu nzuri nyingine."

"Nenda ukamwone."

"Nimekwenda mara mbili. Nafika kwenye mikaratusi, nageuza gari."

Akachagua nyanya zake, akanibusu, akaenda. Naze sikumwambia.

Murdakh alikufa zizini, ghafla, asubuhi, ndoo mkononi. Naze akastaafu, akabaki katika ile nyumba peke yake. Aliyekuja kumtazama alikuwa Degitu. Alianza mwenyewe, bila kuitwa: kila mwaka kabla ya Sigd, ile sikukuu yao ya kufunga na kusali mlimani, na tena kabla ya Pasaka, anashuka basini na mkate wake, au na kahawa ya kukaanga. Wakaketi uani wanawake wawili, wakipeana vikombe. Kiebrania cha Degitu kilikuwa cha kuokoteza.

"Enatnesh, yeye kuja?" aliuliza siku moja nikiwapo.

"Hajaja," Naze akasema.

"Mimi sema yeye."

"Usimwambie, dada. Usimgombeze."

Degitu akafikiri. "Wewe mimi pa mtoto," alisema. "Mkubwa, zuri, soma. Mimi wewe pa nini? Mkate."

"Mkate wako mzuri," Naze akamwambia, akamega.

Moyo ndio uliomshinda Naze. Alilazwa hospitali Afula juma la sikukuu ya Hanuka, akatoka, akarudishwa. Siku za mwisho alizungumza Kiaramu tu. Mpwa wake ndiye aliyemzika, na ndiye aliyesoma sala ya wafiwa, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kuisoma. Degitu alikaa sakafuni siku zote saba za matanga, katika nyumba ile, akilia kwa sauti kama wanavyolia kwao, mpaka majirani wakadhani ni ndugu wa damu. Einat hakuonekana. Alituma chakula, sufuria kubwa. Ilikuwa kube. Nilionja, zilikuwa za Naze hasa, uchachu uleule.

Siku ya thelathini tulipokwenda kusimamisha jiwe, Einat alikuja. Alimleta mama yake kwa gari, akasimama nyuma ya watu wote, mvi zimeanza, watoto hakuwaleta. Mpwa akasoma, tukaitikia, watu wakaanza kuweka vijiwe juu ya kaburi na kuondoka. Mke wa mpwa, ambaye hakuwa akimfahamu, alimpa mkono kwa upole.

"Asante kwa kuja. Wewe ni nani wake?"

Einat akaupokea mkono. "Nilikuwa bwenini kwake," alisema.

Degitu alikuwa ameshika mkono wake. Akamtazama yule mwanamke, akatafuta neno la Kiebrania, akalipata.

"Binti yake," alisema. "Huyu binti yake."

Einat aliketi chini pale pale kwenye udongo uliolowa. Hatukumwinua. Mvua ikaanza tena, mpwa akaniomba nimsaidie viti, nami nikaenda kuvikunja nikivipakia garini. Nilipogeuka walikuwa bado wapo, mama kasimama akimkinga mwanawe kwa shuka lake jeupe, na mwana ameinamia jiwe, akisema na Naze kwa Kiaramu.